Ukuta Uliosogea

Wengine hukumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi, au ya shuka zilizoanikwa juani. Mimi huukumbuka kwa mafuta machafu ya injini. Nikipita penye gereji wakati mafundi wanamwaga ile oili nyeusi iliyokwisha kazi, nasimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Papa alikuwa akiomba mafuta hayo kwa madereva wa malori, anayaleta kwenye bidoni, kisha anazipaka mbao za nyumba yetu ili mchwa wasizile. Nyumba nzima ilinuka lori. Shuleni waliniita binti wa makanika, nami nilikuwa nakasirika sana, kwa sababu papa alikuwa fundi wa mbao, na pale mtaani kwetu Majengo hapakuwa na fundi mwingine wa namna yake.

Papa hakupenda misumari. Kwetu Goma nyumba nyingi ni za mbao, zimekalishwa juu ya mawe meusi ya volkano, na mafundi wengi huzigongelea misumari, kazi ikaisha. Papa alisema msumari ni kama mkwe mkorofi: huingia kwa kelele, na hatoki bila kuharibu. Yeye alitumia bolti, sisi tuliziita bulo, alizozifungua kwenye malori yaliyokufa kando ya barabara ya Sake. Kila ukuta wa nyumba yetu ulikuwa kipande kimoja kizima, kimefungwa kwa bulo kwenye nguzo, na ubavuni mwa kila kipande aliandika herufi na namba kwa rangi nyekundu ili asichanganye. Akiwa na spana moja na watu wanne, aliweza kuifungua nyumba asubuhi na kuifunga mahali pengine kabla ya jioni. Hakusema kuvunja. Ukisema kuvunja alikukatiza.

Alikuwa na sababu. Kabla sijazaliwa, yeye na mama walikuwa na nyumba ya matofali huko upande wa Butembo. Vita viliwakimbiza, na matofali hayakimbii. Tangu hapo, mtu akimsifia nyumba ya kudumu, alijibu hivi: "Ile ni ya mutu mwenye kuwa na amani. Siye, nyumba yetu ikuwe na miguu."

Sisi watoto tuliona ni jambo la kawaida kuishi ndani ya kitu kinachobadilika. Siku ya komunyo yangu ya kwanza papa aliutoa ukuta wa mbele, sebule ikaungana na uwanja, na wageni wote wakapata kivuli. Mume wa jirani yetu Mama Uwera alipofariki, papa aliutoa ukuta uleule, akausimamisha kwake kuwakinga waombolezaji na mvua. Tuliishi siku nne na nyumba isiyo na uso, tumetundika kikwembe, kitenge cha mama, mbele. Mlango wa Mama Uwera ulitazamana na wetu. Alikuwa mtu wa Rutshuru, mwenye sauti ya chini, na baada ya matanga yale hakuna juma lililopita bila yeye kutuletea viazi. Mama naye hakupika sombe, yale majani ya muhogo, bila kumpelekea bakuli. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa huku na huku na mabakuli hayo, na kila upande nilionja.

Tulikuwa watoto wawili tu. Kaka yangu Paluku alikuwa na miaka kumi na sita na masharubu mapya ambayo mama alimwambia akayanawe, akijifanya anadhani ni masizi. Mimi nilikuwa na miaka minane na nilikuwa mfupi kuliko wote darasani. Hilo lilikuwa donda langu. Kwenye mstari wa asubuhi nilisimama mbele kabisa, na mwalimu alipohesabu vichwa aliuweka mkono juu yangu kama mtu anayeegemea meza.

Wakati huo mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Wakubwa walizungumza kwa kukatakata maneno, na sisi wadogo tulijifunza kutouliza. Kisha wakaanza kutafuta vijana wa kwenda vitani. Waliwachukua sokoni, njiani, hata mbele ya kanisa. Siku moja nilitoka shuleni nikaambiwa Paluku amepanda lori kwenda Butembo kwa nyanya yetu. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Hakuniaga, na zaidi ya hapo alikuwa amepanda lori bila mimi.

Juma hilohilo ndipo miguu yangu ilipofika ukutani.

Nililala kwenye mkeka katika chumba kidogo, kichwa upande wa mlango wa uwanjani, miguu upande wa ukuta uliotutenga na chumba cha wazazi. Kati ya vidole vyangu na ukuta huo siku zote palikuwa na nafasi ya kutosha kuweka ndoo. Sasa nyayo zangu zilikuwa zimekanyaga mbao. Nikamwendea papa.

"Papa, ukuta umesogea."

Alikuwa anafuta spana kwa kitambaa. Hakuinua uso.

"Hapana. Ni weye umekuwa mukubwa."

Sijui kama kuna neno lililowahi kunifurahisha vile. Nilimwambia mama, nilimwambia Mama Uwera, niliwaambia wenzangu shuleni, waliocheka kwa sababu kwenye mstari bado nilisimama mbele. Niliwahurumia kwa ujinga wao. Kila jioni nilijinyoosha na kuzisukuma mbao kwa nyayo, ili nikue zaidi.

Yako mambo mengine niliyoyaona na kuyapa maelezo yangu mwenyewe. Mama alipika bugali mwingi kuliko tulivyokula. Nilidhani anasahau kwamba Paluku hayupo, nikamwonea huruma, nikala sana ili sufuria isimwaibishe. Ukutani mlikuwa na mikwaruzo, na mara moja kikohozi kidogo. "Ni panya," alisema mama, "wacha kusikilizasikiliza." Nami nikawa mtoto mwema, sikusikiliza.

Askari walikuwa wamekuja mara mbili. Walitazama chini ya kitanda, wakapiga dari kwa vitako vya bunduki, wakaenda zao. Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi, saa tisa hivi. Papa alikuwa kazini. Mama alikuwa uwanjani anachambua maharage, macho yake jikoni, ambako askari wawili walikuwa wanageuza masufuria. Wa tatu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, aliingia chumbani kwangu, akaketi kwenye ndoo, akavua kiatu kutoa kijiwe. Alikuwa amechoka. Hakuwa na sura mbaya, na ningependa kusema alikuwa nayo.

"We mutoto, uko na miaka ngapi?"

"Munane."

"Munane? Juu ya nini uko mufupi hivi?"

Damu ilinipanda. "Siko mufupi! Nimekuwa mukubwa. Zamani miguu yangu haikufika ku ukuta. Sasa inafika."

"Bongo. Unadanganya."

"Si bongo! Angalia."

Nikajilaza kwenye mkeka, kichwa huku, nikanyoosha miguu, nyayo zikapiga mbao kwa kishindo. Alicheka. Kisha akaacha kucheka. Alitazama miguu yangu, akatazama ukuta, akavaa kiatu chake taratibu na kukifunga kamba. Alitembea kutoka kona hadi kona akihesabu hatua, kisha akafanya vilevile chumbani kwa wazazi. Mwisho akatoka nje, nikamsikia akihesabu tena kando ya nyumba yote. Nilibaki nimelala vilevile bila kutikisika, maana nilidhani anapima nimekua kiasi gani, na sikutaka kumharibia hesabu.

Aliporudi alikuja na wenzake. Akaniruka, akaweka mdomo wa bunduki kwenye mbao, juu kidogo ya miguu yangu.

"Toka, ao napiga."

Uwanjani ungo ulianguka. Ndani ya ukuta kitu kilizunguka, bulo moja, kisha ya pili, na kipande cha mbao kikafunguka kutoka ndani. Akatoka Paluku, amejaa vumbi na oili, anapepesa macho, mikono juu.

Niliruka juu. Nilipiga makofi. "Paluku! Umerudi! Umetoka Butembo!"

Walimpitisha mbele yangu, naye akapunguza mwendo kidogo, akaniambia, "Kahindo, kweli umekuwa mukubwa." Alikuwa amesikia yote. Mama aliwafuata hadi barabarani akiwa ameshika mkia wa koti la yule mwenye mvi, akisema jina la kaka yangu tu, hakuna neno jingine. Walimpandisha kwenye lori pamoja na vijana wengine. Hatukumwona tena, si yeye wala mtu aliyemwona.

Mtaniuliza nilielewa lini. Siyo siku ile. Siku ile nilijua tu kwamba watu wabaya wamemchukua kaka yangu, nami nililia kama wengine. Kesho yake papa alichukua spana, akaondoa ukuta wa pili aliokuwa ameusimamisha upande wa chumba chao, kisha akafungua ule wa kwangu, akaurudisha mahali pake pa zamani. Kila bulo aliipangusa kabla ya kuirudisha. Jioni nilijilaza kwenye mkeka wangu, nikanyoosha miguu. Haikufika. Nikajivuta chini kidogo, nikanyoosha tena. Haikufika. Hapo ndipo nilipoelewa, wala hakuna mtu aliyenieleza.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Mdomo wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine, na ukiponza kichwa chako mwenyewe, walau unalipa wewe.

"Mutu ametuuza," mama alisema. Alisema hivyo asubuhi, alisema hivyo mchana. Askari hawajui kuhesabu hatua bila kuambiwa, ndivyo alivyoamini. Akaanza kuwapitia watu mmoja mmoja, na hakuhitaji kwenda mbali. Nani alimwona papa akiusogeza ukuta ule? Mlango wa nani unatazamana na wetu? Nani anasema lugha ileile waliyokuwa wakiisema baadhi ya wale askari? Miaka ile swali hilo la mwisho lilitosha kumaliza urafiki wowote mjini kwetu. Mama alichukua bakuli la Mama Uwera lililokuwa kwetu, akaliosha vizuri, akanipa nilirudishe likiwa tupu. Kwetu kila mtu anajua maana ya bakuli lililorudi tupu. Mama Uwera alilipokea kwa mikono miwili, akatazama ndani, akaniuliza kama mama hajambo. Nikasema hajambo. Nilikuwa na maneno matatu ya kusema, "Ni mimi, mama," na sikuyasema.

Haikupita miezi mingi, mlima wa volkano ukapasuka. Tangu asubuhi hewa ilinuka kiberiti na majivu yalitua kwenye nguo zilizoanikwa. Mchana watu wakaanza kukimbia na magodoro vichwani, wakisema moto umefika Munigi, moto unashuka. Papa alikuja mbio kutoka kazini. Hakuingia ndani kuchukua nguo wala sufuria. Alichukua spana.

Mama alikaa kizingitini.

"Mama Paluku, simama," papa alisema. Majirani wote waliwaita hivyo, Mama Paluku na Papa Paluku, nao wenyewe waliitana hivyo hivyo, na jina hilo halikubadilika hata baada ya mwenye jina kuondoka.

"Paluku akirudi atakuta nini hapa?"

"Moto, kama hausimame."

"Atatafuta nyumba wapi? Ulijenga nyumba ya kutembea. Sasa mutoto ataipata wapi?"

Papa alipiga magoti mbele yake. Moto ulikuwa unasikika sasa, mlio kama wa mawe yanayosagana. "Naapa," akasema, "nitairudisha hapa hapa. Mulango utaangalia pale pale." Akatoa kamba yake ya kazi. Alitazama mnara wa parokia, akatazama ncha ya mlima mdogo ulioko ziwani, akapima kwa kamba na kufunga mafundo, huku watu wakitupita wakipiga kelele kwamba amerukwa na akili. Kisha mama akasimama.

Kuta zile zilihitaji watu wanne, nasi tulikuwa watatu, na mmoja wetu ni mimi. Mama Uwera alivuka njia bila kuitwa, akashika kona. Mama akaachia upande wake, ukuta ukaanguka chini.

"Miye sibebe na huyu."

Sikuwahi kumsikia papa akimpigia mama kelele, ila siku hiyo. Tulibeba. Kipande baada ya kipande, tukavipanga kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ya binamu yake papa, na Mama Uwera alibaki nasi mpaka bati la mwisho. Alipogeuka kwenda kwake, moto ulikuwa umeshaingia uwanjani mwake. Nyumba yake ilikuwa ya misumari. Aliokoa kikwembe alichovaa. Tulitembea barabara moja kuelekea Mugunga, nje ya mji, yeye hatua ishirini nyuma yetu, kwa sababu mama hakutaka awe karibu zaidi, na mimi nilikuwa nageuka nyuma kila mara mpaka mama akanishika kichwa akakielekeza mbele.

Papa alitimiza kiapo. Tuliporudi, Majengo yetu ilikuwa jiwe tupu jeusi, limepanda juu kuliko kimo cha mtu, na mvua ikinyesha lilitoa mvuke. Papa alisimama juu yake na kamba yake, akatafuta mnara, akatafuta ncha ya mlima, akafuata mafundo, akaweka jiwe. "Ni hapa," akasema. Palikuwa hapo, isipokuwa tulikuwa juu zaidi. Sakafu ilikuwa vuguvugu majuma mengi na tulilala bila blanketi.

Siku ya kufunga ukuta ule wa katikati tulikuwa wawili tu. Mimi nilikuwa naushikilia, yeye anaingiza bulo. Nikasema, bila kujua kwamba nitasema:

"Papa, ni miye nilimwonesha ule soda, ule askari. Nililala chini, nikamwonesha miguu."

Spana ilisimama. Nilingoja kofi. Ningelipenda kofi lile.

"Najua," alisema. "Batu walinieleza vile alihesabu hatua, na nilijua weye tu njo ulikuwa mu chumba." Akapangusa spana kwa kiganja. "Miye njo nilikudanganya. Nilikuambia umekuwa mukubwa."

Tulilia sote wawili, kila mtu upande wake wa ukuta. Kisha akaniambia: "Mama yako asijue. Akijua, atakuwa amepoteza batoto wawili."

"Na Mama Uwera?"

Alikaza ile bulo, akaikaza zaidi, mpaka mbao ikalia na kupasuka ufa mdogo. Yeye ambaye hakuwahi kupasua ubao.

Basi tulinyamaza, yeye kwa kunipenda, mimi kwa woga. Miaka ikapita juu ya kimya hicho. Mama Uwera alibaki Mugunga, kwenye hema, halafu kwenye kibanda, halafu kwenye hema tena vita vilivyofuata vilipomtoa. Mama aliposikia jina lake alitema mate pembeni. Vita vilikuja na kuondoka, majirani walihama na kurudi, na mama hakukubali bulo hata moja iguswe. Nyumba ile papa aliipa miguu, mama akaifunga.

Papa alipofariki, uwanja ulijaa watu. Siku ya pili ya matanga niliona mwanamke mzee akiingia, anaegemea fimbo, na kifurushi cha viazi kichwani. Alikuwa ametembea kutoka Mugunga. Wanawake walitazamana. Hakuna aliyesogea. Mimi nilisimama nikampa kiti changu.

"Kahindo," mama alisema mbele ya wote, "unapatia nani kiti?"

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, mmoja wao amenipita kimo. Papa alikuwa amelala pale, hangeweza tena kunizuia. Nikafungua mdomo. Mama Uwera akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vikavu, akanivuta karibu kama anayetaka kusaidiwa kukaa.

"Acha, mutoto wangu," aliniambia sikioni. "Mulango yangu ilikuwa wazi siku ile. Nilikuona umelala ku mukeka. Acha. Leo hapana."

Kwa hiyo alijua. Alijua siku nilipomrudishia bakuli tupu. Alijua alipobeba kuta zetu na nyumba yake inaungua, alijua katika mahema yote yale, na neno moja tu lingetosha kumsafisha. Hakulisema kwa sababu nilikuwa mtoto.

"Ni mugeni, mama," nikasema.

Mama Uwera alifariki kule Mugunga kabla ya mvua kuanza. Nilivaa kikwembe cheusi nikaenda kumzika. Mama aliponiuliza ninakwenda wapi nimevaa hivyo, nilimwambia ninakwenda sokoni.